Al-Kindi, mwanachuoni aliyehesabu herufi

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kusimuliwa habari za masheikh, washairi na manahodha wa pwani yetu. Leo naomba ruhusa niwachukue mpaka Baghdad ya miaka elfu moja na mia mbili iliyopita, niwaeleze habari za mtu ambaye jina lake wengi wetu tumelisikia bila ya kujua alifanya nini hasa. Mtu huyo ni Abu Yusuf Yaakub bin Is-haq Al-Kindi, aliyepewa lakabu ya Mwanafalsafa wa Waarabu. Lakini kabla ya kufika Baghdad itanibidi nipite Kiritiri, kwa sababu huko ndiko nilikomhitaji.

Kiritiri ni mji mdogo wa soko katika nchi ya Wambeere, chini ya mji wa Embu, upande ule ambako mlima wa Kenya huonekana asubuhi lakini mvua yake haifiki. Ni nchi ya jua, mbuzi, ndengu na mtama. Watu wengi wa pwani wanaijua kwa muguka tu, ule uliozua mzozo mwezi wa Mei 2024 serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi zilipoupiga marufuku. Wanasahau kwamba maji ya mto Tana yanayopita bondeni kule, kwenye mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ndiyo hayo hayo yanayokuja kumwagika baharini Kipini. Mimi naijua Kiritiri kwa chaki. Nilihamishiwa huko kufundisha shule ya msingi, na siku za Ijumaa nilipopata nafasi nilipanda matatu kwenda kusali Embu mjini.

Siku moja mwaka 2005, bibi mmoja alinijia shuleni akimburura mjukuu wake, mtoto wa darasa la nne. Alikuwa amempa shilingi mia mbili akanunue unga na mafuta ya taa, na mtoto akarudi mikono mitupu. Pesa zote zilikuwa zimeliwa na pata potea pale sokoni. Msomaji wa mjini hana haja ya kuelezwa mchezo huo: karata tatu juu ya boksi lililopinduliwa, moja ndiyo ya kushinda, mwenye nazo anazichanganya upesi upesi huku akipiga kelele, na wewe unaweka pesa yako juu ya ile unayodhani ndiyo. Bibi alitaka nimchape mtoto. Viboko vilikuwa vimekwisha kupigwa marufuku shuleni tangu 2001, na hata visingepigwa marufuku sikuona vingemfundisha nini. Bibi akamwita mjukuu wake mjinga mbele ya darasa zima, akaenda zake.

Nilimuuliza mtoto kwa nini alicheza. Alinieleza kwamba alimwona mtu wa kwanza akishinda, na wa pili akishinda, basi akaona na yeye zamu yake itafika. Jibu hilo lilinikaa kichwani usiku kucha. Mtoto hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa ametazama, akahesabu mpaka mbili, kisha akaamini hesabu yake. Kilichomponza ni kwamba hapana mtu aliyewahi kumfundisha kuhesabu mambo ya aina ile, yaani mambo ambayo leo huja na kesho hayaji.

Wenye elimu ya hesabu wanacho chuo chao kwa mambo hayo, nacho ni elimu ya uwezekano. Taabu yangu ilikuwa katika vifaa. Kila kitabu nilichofungua kilianza kwa dadu, au kurusha sarafu, au karata. Wala si ajabu, kwani Wazungu elimu hii waliizaa kwenye meza ya kamari. Cardano, tabibu wa Italia katika karne ya 16, alikuwa mcheza kamari mkubwa na aliandika kitabu juu ya dadu. Pascal na Fermat wa Ufaransa walipoandikiana barua mwaka 1654 walikuwa wakitafuta jinsi ya kugawana pesa za mchezo uliokatizwa kabla haujaisha. Sasa mimi, mtoto wa Mwislamu niliyelelewa na Suratul Maida, niingie darasani nikiwa na dadu mkononi? Wazazi wa watoto wale karibu wote walikuwa Wakristo, na yumkini hapana ambaye angenilaumu. Lakini kumpa dadu mtoto aliyetoka kunyang'anywa unga wa nyumbani kwao kwa karata ni kama kumpa aliyeungua kijinga cha moto akachezee.

Likizo ilipofika nilikwenda Mombasa, na pale Mji wa Kale nikamweleza shida yangu ami yangu, ambaye alikuwa mwalimu wa chuo. Alinisikiliza huku akitafuna tambuu yake, kisha akaniuliza kama nilikuwa namjua Al-Kindi. Nikamwambia namjua kwa jina. Akacheka. Akasema kwamba wengi wetu tunawajua wakubwa wetu kwa majina ya shule na misikiti tu.

Basi hii ndiyo habari yake.

Al-Kindi alizaliwa Al-Kufa, katika nchi ya Iraki, kiasi cha mwaka 801. Hakuwa mtoto wa maskini. Kabila lake la Kinda lilikuwa limewahi kutoa wafalme Arabuni kabla ya Uislamu, babu yake wa mbali Al-Ash-ath bin Qais alikuwa miongoni mwa masahaba, na baba yake alikuwa liwali wa Al-Kufa. Alisoma Basra na Baghdad wakati Baghdad ilipokuwa kama bandari ya elimu, kila chombo kinatia nanga. Khalifa Al-Maamun, aliyetawala tangu 813 mpaka 833, alikuwa akipenda vitabu kuliko watu wengi wapendavyo dhahabu. Vitabu vya Kiyunani vilikuwa vikifasiriwa kwa Kiarabu, hesabu za Kihindi zilikuwa zimeingia, na karatasi ilikuwa ikitengenezwa pale pale mjini, ikawa rahisi kuliko ngozi.

Kazi yake katika mambo ya tafsiri yafaa kuelezwa vizuri, maana wengi hudhani alikuwa mfasiri. Wafasiri walikuwa watu kama Ustath na Ibn Naima wa Himsi, Wakristo waliokijua Kiyunani na Kisiriani. Al-Kindi aliwaelekeza, akasahihisha Kiarabu chao, kisha akakaa kufikiri juu ya yale waliyoyaleta. Aliamini kwamba Mwislamu hana haja ya kuona haya kuipokea haki popote itokapo, hata kwa mataifa ya mbali. Maneno hayo leo yanaonekana mepesi. Siku zile palikuwa na watu waliomwona kuwa anaingiza ukafiri nyumbani, naye akawajibu kwa kitabu chake cha Falsafa ya Kwanza alichomtungia Khalifa Al-Muutasim, ambaye alimpa pia kazi ya kumsomesha mwanawe Ahmad.

Ibn An-Nadim, muuza vitabu wa Baghdad aliyeishi karne iliyofuata, alitaja vitabu na risala zake zipatazo 260. Nyingi zimepotea. Zilizobaki, au ambazo majina yake yamebaki, zinamstaajabisha mtu kwa jinsi zinavyogusa kila jambo. Aliandika juu ya hesabu za Kihindi, juu ya nuru na macho, juu ya panga na vyuma vyake, juu ya muziki, juu ya vipimo vya dawa. Sisi watu wa pwani tungempenda kwa risala mbili hasa. Moja ni juu ya kujaa na kupwa kwa bahari, jambo ambalo wavuvi wetu wanalisoma kwa mwezi bila ya kitabu. Ya pili ni juu ya kutengeneza manukato, yenye maelekezo zaidi ya mia, ambayo kungwi yeyote wa Lamu angeyasoma kwa makini na huenda angeyatoa kasoro. Aliwapinga pia wale waliodai kuwa wanaweza kugeuza chuma kuwa dhahabu, akawaita wadanganyifu.

Ubahili pia amezuliwa, au amesifiwa nao, sijui niseme vipi. Al-Jahidh katika kitabu chake cha mabakhili ana kisa cha Al-Kindi mwenye nyumba aliyempandishia mpangaji kodi kwa sababu alipata wageni. Wataalamu wanabishana kama ndiye huyu au ni mwingine wa kabila lake. Mimi napenda awe ndiye. Mtu anayehesabu herufi atashindwaje kuhesabu wageni?

Na sasa tumefika kwenye herufi. Ufalme wa Bani Abbas ulikuwa mkubwa, na barua za siri zilikuwa nyingi. Mtu alibadilisha kila herufi kwa alama nyingine, akampelekea mwenzake aliyekuwa na ufunguo, na adui akiikamata barua asingeona ila vijiti na vitone. Watu walidhani hapana njia ya kuifungua isipokuwa kuiba ufunguo. Mbele ya Al-Kindi alikuwapo Khalil bin Ahmad Al-Farahidi, yule yule aliyetunga elimu ya arudhi ambayo kwayo mashairi ya Kiarabu hupimwa, na ambaye wanahistoria wengi husema kwao ni Oman. Khalil alikuwa amezipanga na kuzipangua herufi za Kiarabu ili ajue maneno yote yanayowezekana, na kitabu juu ya maandishi ya siri alikiandika pia. Al-Kindi aliongeza jambo moja ambalo hapana maandishi ya kale zaidi yanayoonyesha mtu aliyelifanya kabla yake. Alihesabu.

Alichukua maandishi ya kawaida ya Kiarabu akahesabu kila herufi imetokea mara ngapi. Hesabu yake imebaki. Katika herufi zaidi ya 3,600, alif ilitokea mara 600, lam mara 437, mim mara 320, na kuendelea mpaka chini kabisa ambako dha ilionekana mara chache mno. Kwa hiyo, akasema, ukipata barua ya siri, hesabu alama zake vile vile. Ile iliyo nyingi kuliko zote inaelekea kuwa alif, inayofuata inaelekea kuwa lam. Ukishapata mbili tatu, tazama herufi zipi hupenda kukaa pamoja na zipi hazikai pamoja kabisa. Tazama pia mwanzo wa barua, kwa kuwa barua ya Mwislamu huanza kwa Bismillahi, na hiyo peke yake ni ufunguo. Taratibu, siri inafunguka.

Ami yangu aliniambia nitafakari lile neno kuelekea. Al-Kindi hakusema alama fulani ni alif. Alisema yaelekea kuwa alif, na akaonya kwamba barua iwe ndefu kiasi cha kutosha, kwani katika maneno machache herufi hazishiki mpango wake. Msomaji apige hesabu mwenyewe: 600 katika 3,600 na kitu ni karibu moja katika sita. Dadu ina pande sita. Yaani ile nasibu ambayo Cardano aliitafuta miaka mia saba baadaye kwenye meza ya kamari, mzee huyu aliishika kwa kalamu na wino, bila ya mtu kupoteza hata dirhamu moja.

Nilirudi Kiritiri na vifuniko 24 vya soda, kimoja kwa kila herufi tunayoitumia katika Kiswahili, na ndengu kilo moja. Nilikata gazeti kuukuu lililofungia sukari, kila mtoto nikampa mistari yake. Mmoja anasoma herufi, mwenzake anatia punje ya ndengu katika kifuniko cha herufi ile. Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya hamsini, na kelele zake mtu angedhani ni mnada wa mbuzi. Haikuchukua muda kifuniko cha a kikafurika, tukaleta bakuli. Kilichofuata kilikuwa cha i, mbali nyuma. Tulipojumlisha, a ilikuwa karibu moja katika kila herufi tano.

Nikawaambia nitafumba macho niweke kidole popote kwenye gazeti, nao wabashiri nitaangukia herufi gani. Wakapiga kelele zote kwa pamoja kuwa ni a. Nikaweka kidole. Ilikuwa k. Walinitazama kama mtu aliyewauzia mbuzi mgonjwa.

Kwa maoni yangu hapo ndipo somo lilipoanza. Watoto, na watu wazima vile vile, wakiambiwa jambo fulani lina uwezekano mkubwa kuliko mengine hudhani wameahidiwa. Herufi a ndiyo inayotokea zaidi kuliko nyingine yoyote, hilo ni kweli. Lakini moja katika tano maana yake ni kwamba mara nne katika kila tano utaangukia kitu kingine. Mambo hayo mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na mtu hawezi kulazimishwa kuyameza kwa kuambiwa. Tuliweka kidole mara hamsini, kila mtoto zamu yake, tukiandika. Tulipata a mara kumi na mbili. Yule mtoto wa pata potea, ambaye tangu siku ile ya bibi yake alikuwa hasemi darasani, aliuliza kwa nini haikuwa kumi kamili. Nikamjibu tuendelee tuone. Tuliendelea siku mbili zaidi, na kadiri tulivyoendelea ndivyo hesabu ilivyozidi kuikaribia moja katika tano, ingawa haikutulia juu yake.

Kisha msichana mmoja wa mstari wa mbele akanyosha mkono akasema kwamba nimewaambia uongo, maana katika jina la mji wao hakuna a hata moja. Nikaandika ubaoni: Kiritiri. Herufi nane, nne kati ya hizo ni i, na a haipo. Wallahi nilikuwa nimeishi pale zaidi ya mwaka sijaliona. Al-Kindi alikuwa ameonya juu ya maandishi mafupi, na mtoto wa miaka kumi ameniletea mfano kutoka kwenye kibao cha barabarani.

Sikuwatuma watoto sokoni. Mwalimu gani atawatuma? Lakini walikwenda wenyewe siku ya soko iliyofuata, watatu, wakakaa chini ya mti na ndengu zao mfukoni. Katika karata tatu, mtu anayekisia ovyo angepata mara moja katika tatu. Waliniletea habari kwamba wageni walicheza mara nyingi wala hapana aliyeshinda, na waliokuwa wakishinda ni watu wawili tu, wale wale, na jioni watu hao wawili walipanda gari moja na mwenye karata. Basi haikuwa bahati mbaya hata kidogo. Ulikuwa wizi, na hesabu ndiyo iliyouonyesha. Mjukuu wa yule bibi ndiye aliyetoa taarifa, akiitoa kama karani wa mahakama.

Bibi mwenyewe alikuja tena shuleni, safari hii kuniuliza ni ndengu za nani zile watoto wanazozichezea. Nilipomweleza, alisema wazee wa Mbeere hawakuhitaji vifuniko vya soda kuyajua hayo. Mvua za Oktoba mpaka Desemba huaminika kuliko za Machi, kila mtu kule ameliona hilo miaka na miaka, kwa hiyo mwenye akili hapandi mahindi peke yake. Hupanda na mtama, na mawele, na kunde, mvua ikikosea kimoja isikosee vyote. Nikanyamaza. Mama yule alikuwa akifanya elimu ya uwezekano kila msimu, na chakula cha wajukuu wake ndicho kilichokuwa mezani.

Si wote waliofurahi. Nilipomweleza ami yangu kwa simu, aliniletea swali ambalo jamaa msikitini walikuwa wamemuuliza: je, huku kubashiri si ndugu wa ramli? Na yote si yameandikwa? Yeye mwenyewe alikuwa amewakumbusha habari ya yule bedui na ngamia wake, ambayo kila mtoto wa chuo anaijua. Kuhusu ramli alisema mpiga ramli hudai kujua lililo nyuma ya pazia, lakini anayehesabu herufi anakiri tangu mwanzo kwamba haijui inayofuata.

Hata hivyo siwezi kumficha msomaji kwamba Al-Kindi mwenyewe alikuwa mnajimu. Aliamini nyota zina athari juu ya mambo ya duniani, akaandika juu yake, na Abu Maashar, mnajimu mashuhuri kuliko wote wa zama zile, aliingia katika elimu ya nyota kwa sababu yake. Nikimsoma huona watu wawili ndani ya joho moja: mmoja anahesabu mpaka apate, mwingine anatazama juu. Kumpenda mtu si lazima kumfunika kasoro zake.

Tena nyota ndizo zilizoingia katika kisa kikubwa cha maisha yake. Khalifa Al-Mutawakkil alipotawala mwaka 847, upepo ulimgeukia. Ndugu wawili wa ukoo wa Banu Musa, Muhammad na Ahmad, mahodari wa hesabu na mitambo lakini wenye husuda, walimfitini kwa Khalifa. Al-Kindi alipigwa, na maktaba yake yote ikachukuliwa ikafungiwa mahali peke yake. Fikiria mtu huyo na vitabu vyake.

Wanahistoria wa zamani wanasimulia kwamba ndugu hao hao walipewa kazi ya kuchimba mfereji wa kupeleka maji kwenye mji mpya wa Khalifa karibu na Samarra. Nao wakamkabidhi kazi Al-Farghani, ambaye alikosea: mdomo wa mfereji ukawa na kina kuliko sehemu nyingine, kwa hiyo mto ukishuka maji yasingepita. Khalifa akasikia fununu. Akamwita Sanad bin Ali, mhandisi ambaye ndugu hao walikuwa wamemfukuzisha, aende akakague, na akaapa kuwa kama ni kweli atawasulubu kando ya mfereji. Ndugu wakamwangukia Sanad. Sanad hakuwa rafiki wa Al-Kindi, walikuwa na ugomvi wao. Lakini aliwaambia hatasema neno mpaka vitabu vya Al-Kindi virudishwe, vyote, na Al-Kindi aandike kwa mkono wake kuwa amevipokea. Vikarudi mpaka cha mwisho.

Ndipo Sanad akapiga hesabu yake. Mto ulikuwa umejaa, na kwa miezi michache kosa lisingeonekana. Wanajimu nao walikuwa wakisema Khalifa hatafikisha miezi hiyo. Akaenda kusema mfereji hauna kasoro, akijua kwamba mto ukishuka Khalifa angali hai watakufa wote watatu. Haukupita muda mrefu Al-Mutawakkil akauawa na askari wake wa Kituruki, mwezi wa Desemba 861, na mwanawe mwenyewe akatuhumiwa kuwa na mkono ndani yake. Mimi nina wazo kwamba wale wanajimu walikuwa wakilisoma kasri zaidi ya nyota. Nyumba ambayo baba hazungumzi na mwana na askari hawalali, ni nani asiyeweza kubashiri?

Hivyo vitabu vya Al-Kindi viliokolewa na adui yake kwa bahati nasibu ya mto na mauti. Yeye aliendelea kuishi Baghdad kwa kimya, akafariki kiasi cha mwaka 873, na inasimuliwa kuwa maradhi yaliyomuua yalianzia gotini. Risala yake ya maandishi ya siri ililala karne nyingi. Nakala yake ilikutwa Istanbul, katika maktaba ya Suleymaniye, na mwaka 1987 chuo cha lugha ya Kiarabu cha Damascus kikaichapisha. Mpaka hapo vitabu vya Ulaya vilikuwa vikiwataja watu wa baadaye sana kuwa ndio walioanza.

Ami yangu amefariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mimi nimestaafu. Siku hizi kamari haihitaji boksi wala karata, imo ndani ya simu, na vijana wanaweka dau juu ya mipira ya Ulaya wakiwa kitandani. Nasikia habari zao kila siku barazani.

Kabla sijaondoka Kiritiri darasa lilikuwa limeingia wazimu wa barua za siri. Kila herufi waliipa picha: kibuyu, mbuzi, jembe, kigoda. Kazi yangu ilikuwa kuzifungua, na nilizifungua zote, kwani nilihesabu picha, nikaipa ile iliyo nyingi zaidi herufi a, na mengine yakafuata. Siku ya mwisho wa muhula yule mtoto wa pata potea akaniletea kikaratasi chenye picha kumi na mbili tu. Mbuzi walikuwa wanne. Nikawapa mbuzi herufi a, na hapana neno lililotokea. Nilikaa nacho kando ya taa mpaka usiku wa manane, nikajaribu kila njia, kwa kiburi changu mbuzi nikiwaacha a ile ile. Alfajiri baada ya sala ndipo nilipokumbuka Kiritiri, nikawapa mbuzi herufi i. Yalikuwa maneno matatu: mimi si mjinga.